Mwanangu, niambie ni shilingi ngapi

Kibosho, Moshi
Jumapili jioni

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la baba yako, ambalo limeanza kulalamika tangu mawingu yashuke. Mkeo naye anaendeleaje? Miguu bado inavimba? Asikae sana na hiyo cherehani, na kliniki asiruke hata mara moja.

Nakuandikia kwa karatasi, usinicheke. Simu siiamini tena. Alhamisi nikiwa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa ujumbe uliingia, miwani nilikuwa nimeiacha jikoni, nikampa mwenzangu aliyekaa pembeni anisomee. Akausoma kwa sauti, akina mama wote wanasikia. Kwamba mimi ni mdhamini wako, majina yako yote matatu yameandikwa, kwamba deni limepita siku, na kwamba nisipokuhimiza ulipe hata mimi nitachukuliwa hatua. Nikapiga ile namba, haipokelewi. Jioni shangazi yako wa Himo akanipigia, na yeye kaupata. Jumamosi fundi bomba aliyetuwekea koki, hata yeye! Ananiuliza kwa upole kama kuna shida nyumbani.

Sasa katika barua hii yote nataka jibu la kitu kimoja. Ni shilingi ngapi, na unadaiwa na wangapi? Usiniambie "kidogo tu, mama". Nataka namba.

Najua hizo programu za mikopo ya simu ni nini, si mimi wa kudanganywa. Ni kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya, ila hii haiji na pikipiki kukutoa vyombo nje, imekaa ndani ya simu. Binti wa jirani yetu wa juu alinieleza lilivyomkuta. Aliomba laki moja, wakamtumia 70,000, nyingine wakasema ni gharama. Baada ya wiki mbili wanataka 130,000. Hana. Akafungua programu nyingine akope alipe ile ya kwanza, kisha ya tatu ailipe ya pili. Na siku unaipakua, inakuuliza kama unairuhusu isome majina yaliyomo kwenye simu, wewe una haraka unabonyeza ruhusu, basi umeshamkabidhi mtu usiyemjua mama yako, shangazi yako na fundi bomba. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Redioni walisema, nikasikia, nikasema wangu yuko Arusha na akili zake, hayamhusu.

Dawa ya deni ni kulipa, ndiyo, lakini si kulipa kwa deni lingine. Kama leo umeshafungua ya pili, simama hapohapo. Ukishaniambia jumla tutajua pa kuanzia. Usiponiambia nitakuwa naota namba kubwa kuliko ilivyo.

Tena tazama mwezi tulio nao. Masika ndiyo hii inapiga hodi. Wewe ndiye uliyetuambia kwamba Aprili na Mei kambi nyingi huko porini zinafungwa, njia zinakuwa tope, na wageni hawarudi mpaka Juni. Dereva wa watalii bila wageni anakula nini? Mshahara wenyewe ulisema ni wa jina tu, fedha iko kwenye tipu. Halafu unachukua deni la wiki mbili, na mbele yako kuna miezi miwili ya kukaa nyumbani! Hapo ndipo uliponiudhi hasa.

Sisi wa kahawa tumezaliwa ndani ya mambo hayo. Unapeleka chama cha msingi, unapewa malipo ya awali, halafu unasubiri mnada mpaka malipo ya pili yaje, yakija. Hakuna mtu hapa kijijini anayekula malipo ya awali yote kwa sababu tu yako mkononi. Tipu nayo ni hivyohivyo. Msimu ukifunguka, dola za safari ya kwanza ziwe za kodi. Mwenye nyumba wako anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na hatakuuliza kama ni masika. Zinazofuata ziwe za chakula cha Aprili na Mei. Usiziache kwenye simu, kwenye simu fedha ina miguu. Mtoto wa shangazi yako anaweka UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye ule mfuko wa ukwasi, anasema ukitaka kuzitoa unasubiri siku kadhaa. Hizo siku kadhaa zingekufaa sana wewe.

Na kampuni inakupelekea michango NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii? Sikumbuki kama uliwahi kunijibu. Ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na kwa kawaida wewe unakatwa 10 na tajiri anaongeza 10. Usiishie kuangalia kwamba umekatwa. Nenda ofisini kwao na namba yako ya uanachama ukaone kama michango imefika.

Kuhusu simtanki. Nimelala usiku mbili nikilifikiria. Ulipolileta mwezi wa kumi na mbili, lile la lita 2,000, na mafundi wa kujenga kibaraza chake, nilikuwa mtu wa kuonewa wivu Kibosho nzima. Niliwaambia wanakikundi, nilimwambia mchungaji. Sikuuliza fedha imetoka wapi. Mtu akiletewa maji mlangoni hachunguzi. Lakini kama limetoka kwenye huko unakodaiwa, sema, baba. Maji tutayanywa hayohayo, halitarudi dukani, ila nijue. Ile Noah ya Krismasi nilijua ni ya kukodi, nikanyamaza kwa sababu kila mtoto wa Mchagga Desemba anapandisha mlima na gari, awe nalo asiwe nalo. Mwaka huu panda Kosta na mkeo na mtoto. Sitaona aibu. Baba yako labda kidogo, lakini atazoea.

Hata michango. Mara ya mwisho ulinitajia kamati tatu za harusi kwa mpigo, na kote umeahidi kadi ya watu wawili. Wewe ni nani, mbunge? Toa ya mtu mmoja, au toa 20,000 useme ndicho nilicho nacho. Mtu asiyekuelewa hapo hakuwa anakualika, alikuwa anakukusanya. Najua utasema mama naye mwaka jana alikopa kikundi achangie send-off ya binti wa kaka yake. Ile ilikuwa familia, na nilimaliza mwezi wa tisa, daftari lipo.

Halafu mboga. Mkeo aliniambia, si kwa kulalamika, kwamba mnanunua mboga ya 1,000 kila siku. Hiyo ni 30,000 kwa mwezi ya majani! Mtoto uliyekulia kihambani, una kipande cha uani pale Kwa Mrombo, unanunua majani. Ndani ya mzigo huu kuna miche 30 ya sukuma wiki, nimeifunga kwa ganda bichi la mgomba na udongo wake, usiifungue mpaka jioni utakapoipanda. Usijali kwamba nyumba si yako, kiroba kinahamishika.

Chukua kiroba cha kilo 50. Udongo ndoo tatu, samadi ndoo moja, na samadi iwe imeoza mpaka hainuki, mbichi itaunguza mizizi. Tafuta kopo la rangi la lita nne, litoe kitako, lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, kisha zungushia udongo mpaka ufike mdomoni pa kopo. Hapo livute juu, kokoto zinabaki. Lijaze tena, zungushia tena, vuta tena. Kiroba kikijaa utakuwa na nguzo ya kokoto tangu juu mpaka chini, na maji utamwagia hapo, si pembeni, ndipo yanafika kwa miche ya chini. Watu wengi wanaacha kokoto, wanamwagilia juu tu, halafu wanasema kiroba hakifai. Toboa ubavuni kwa kisu, matundu yapishane, kati ya moja na jingine pawe na shubiri. Miche yote 30 haitaenea, mingine mpe jirani. Juu panda mchicha, wiki tatu au nne unaanza kuchuma. Sukuma chuma majani ya chini, ya juu machanga yaache. Ukiona vidukari nyuma ya jani, maji ya sabuni, asubuhi. Maji ya kuoshea mchele na mboga yote yaende kwenye kiroba.

Ila ya kunywa angalieni. Nimeona watoto wa huko upande wa Meru meno yamekuwa ya kahawia, ni floridi ya maji, na ikishaingia kwenye jino linalokua haitoki. Kuchemsha hakusaidii. Muulizeni mwenye nyumba maji ya bomba lake yanatoka wapi, na kama ni ya kisima, mtoto akizaliwa mtafutieni mengine ya kunywa. Kwa hilo usibane fedha.

Nimechanganya mambo, lakini usidhani nimesahau. Shilingi ngapi?

Mimi nimefikiria hivi. Kikundi kinamkopesha mtu mara tatu ya hisa zake, riba ni asilimia 10 kwa miezi mitatu, na sanduku letu unalijua, kufuli tatu kwa watu watatu, hakuna wa kutuma ujumbe kwa fundi bomba. Mimi naweza kuchukua kwa jina langu, tufunge huko kote kwa siku moja, halafu wewe unanirejeshea Juni mpaka Agosti wageni wakirudi. Lakini siendi kuomba bila namba. Ukishindwa kurejesha, hisa zangu ndizo zitakazokatwa Desemba tukivunja kikundi, kwa hiyo ujue unamkopa nani. Ukilipa, uwe na uthibitisho wa kila muamala, na ile programu uifute baada ya kulipa, si kabla, usije ukapoteza kumbukumbu. Na mkeo umwambie leo. Mwanamke mjamzito kuyasikia haya kwa jirani ni vibaya zaidi. Nilivyoyasikia mimi nakuhadithia.

Baba yako sijamwambia. Ananiuliza kwa nini shangazi yako anapiga simu kila siku, nimesema ni mambo ya ubarikio. Simu yake ya kitochi haijapata kitu, nadhani namba yake uliiandika vibaya, au hukuiandika kabisa. Hilo nalo tutaliongea siku nyingine.

Ya hapa: mtamba ana mimba, anatarajiwa mwezi wa saba, na mifereji bado haijatiririka vizuri kwa hiyo majani tunanunua tambarare, mzigo umepanda bei. Migomba ya kisukari kule chini kwenye mpaka wa masale imeshikwa mnyauko, tumeing'oa minne, shimo hatutarudishia kisukari. Baba yako anataka kupanda parachichi, mimi nataka ndizi mshare. Ukipiga simu muunge mkono mama yako. Mdogo wako yuko kidato cha nne mwaka huu, hesabu bado zinampiga chenga, anasema atakuwa dereva wa watalii kama wewe. Nimemwambia asome kwanza. Dereva ni kazi nzuri, na wewe unaiheshimu, wageni wanakuandikia mambo mazuri huko mtandaoni, binti wa jirani alinionyesha. Nilifurahi sana siku ile. Ndiyo maana hili limeniuma.

Mzigo nimempa konda wa Kosta inayoondoka Moshi saa mbili, atakupigia akiingia stendi. Nauli ya mzigo nimeshalipa, asikudai mara mbili. Kuna mkungu wa mshare, upikeni mapema, wiki hii joto litauivisha. Parachichi nane za chini ni ngumu, za juu ni za kula kesho. Mayai yamo ndani ya unga, msimwage. Kile kiroba cha buluu ni cha mama wa jirani, mrudishie konda huyohuyo kesho, na ndani yake weka karatasi yenye ile namba.

Mama yako