Niambie siku na saa

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na macho yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale ulipoandika: "Dada, ile kozi nimeiacha somo la tatu, nadhani mimi ni mvivu tu." Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ungeniambia "sawa dada", halafu tungehamia habari nyingine.

Wewe si mvivu. Mvivu hakoseshwi usingizi na somo aliloliacha. Ngoja nikusimulie yangu, ambayo sijawahi kumwambia mtu hapo nyumbani.

Mwaka wangu wa kwanza huku, baada ya tathmini ya kazi, nilijaza fomu ya mpango wa kujiendeleza. Niliandika malengo tisa. Kuandika ripoti vizuri zaidi, kusimamia miradi, kuzungumza mbele ya watu, kuchambua takwimu, na mengine ambayo leo hata siyakumbuki. Msimamizi akasaini, nami nikasaini, karatasi ikaingia droo. Miezi kumi na moja baadaye, nikitafuta stepla, nikaikuta chini kabisa, imekunjika pembe, ina doa la wino juu ya sahihi yangu. Hakuna lengo hata moja nililokuwa nimeligusa. Nilikaa nimeishika, uso unaniwaka, mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akauliza kama nimepata habari mbaya.

Muda wote ule nilikuwa nasubiri hamu ya siku ya kujaza fomu inirudie. Haikurudi. Ukipanga, unajiona umeshakuwa yule unayetaka kuwa, na moyo unaridhika kabla mkono haujafanya kitu. Asubuhi inayofuata kinachobaki ni kazi yenyewe, nayo haina shangwe.

Basi nikafuta manane, nikabakiza moja: kuchambua takwimu kwa kompyuta. Nililichagua hilo kwa sababu nilikuwa nalihitaji kila siku. Mengine niliyaandika ili msimamizi afurahi. Hapo ndipo nakuuliza na wewe: hiyo kozi uliitaka mwenyewe, au uliianza kwa kuwa wenzako wote wameianza? Kama ni hilo la pili, iache bila kujilaumu, utafute yako.

Kisha nikaweka saa na mahali. Kuna mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer, aliyeandika mwaka 1999 kwamba anayeamua mapema lini, wapi na vipi ataanza, hutekeleza zaidi kuliko mwenye nia peke yake. Nilijiandikia: nikishapiga mswaki asubuhi, nakaa mezani, nafungua somo, dakika ishirini, kabla sijagusa simu. Kando ya kompyuta kuna daftari dogo. Naandika tarehe na sentensi moja ya nilichojifunza. Siku nyingine sentensi yenyewe ni "leo sijaelewa kitu". Nayo ilihesabika.

Wiki ya tano niliugua siku nane. Nilipopona sikuweza kulitazama lile daftari. Nilijiambia nimeshaharibu, bora nianze upya mwezi ujao, na nadhani ndivyo ilivyokuwa kwako pia baada ya somo la tatu. Kilichoniokoa ni utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa 2010. Walifuatilia watu 96 wakijijengea tabia mpya. Kuna iliyemchukua siku 18, kwa wengine makadirio yalifika 254, na katikati ilikuwa kama siku 66. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Mimi nilikuwa nimeruka nane, lakini nilipata ujasiri wa kuandika tarehe ya siku ile bila kuhesabu zilizopita.

Halafu nikaomba msaada. Yule mwenzangu wa meza ya jirani kila Ijumaa ananiuliza swali moja tu: "Wiki hii umejifunza nini?" Kuna Alhamisi nimesoma usiku kwa sababu ya swali hilo.

Furaha ilikuja baadaye sana, na ilikuja kazini. Tulikuwa tukihesabu siku za likizo za wafanyakazi kwa mkono, mstari kwa mstari, kila mwisho wa mwezi. Asubuhi moja niliandika fomula ya kukokotoa kwenye jedwali la kompyuta, nikaiburuta chini, na safu nzima ikajaa namba papo hapo. Nikalinganisha na hesabu ya mkono. Zilikubaliana zote isipokuwa moja, na kosa lilikuwa la mkono. Mdogo wangu, nilisimama! Jioni ile nilifungua somo lililofuata bila kulazimishwa na saa. Kwa hiyo chochote utakachojifunza kitumie kazini wiki hiyohiyo, hata kama ni kidogo na bado kinakutetemesha.

Sasa nakuomba unijibu mambo matatu tu: lengo moja, saa, na mahali utakapokaa. Jumapili nitapiga simu. Sitakuuliza umefika somo la ngapi. Nitakuuliza wiki hii umefungua daftari siku ngapi, na ukiniambia moja, tutaanzia hapo.

Nifikishie shikamoo kwa baba na mama.

Ni mimi dada yako akupendaye.