Kutibiwa uraibu bila kulazwa: nani anafaa na nani hafai

Swali la kwanza ambalo ndugu wa wagonjwa hutuuliza ni iwapo kituo chetu kinalaza. Tukijibu kuwa hakilazi, wengi hukata tamaa papo hapo, kwa sababu imezoeleka kuamini kwamba mtu aliyezama katika pombe au dawa za kulevya hawezi kuacha mpaka atengwe na marafiki zake na kufungiwa mahali kwa miezi kadhaa. Makala haya yanaeleza matibabu ya wagonjwa wa nje, yaani yale ambayo mgonjwa huja kliniki, hutibiwa na kurudi kulala kwake, na yanaeleza pia ni nani tusiyeweza kumpokea.

Kumfungia mtu kwa mwezi mmoja kunaweza kuusafisha mwili wake, lakini hakugusi yale yanayomrudisha kwenye matumizi mara atokapo. Tena kuna hatari ambayo familia nyingi haziijui. Mwili uliozoea kiwango kikubwa cha heroini hupoteza uzoefu huo muda mfupi baada ya kuacha, hivyo mtu anayetoka alikofungiwa, akakutana na wenzake wale wale na kutumia kiasi kile kile cha zamani, anaweza kukata pumzi na kufa. Vifo vya namna hii hutokea zaidi katika wiki za mwanzo baada ya mtu kutoka gerezani au mahali alipokuwa ameacha bila kupewa dawa. Kwa hiyo kulazwa, hata pale kunapohitajika, ni hatua ya mwanzo tu, na sehemu kubwa ya matibabu hufanyika mgonjwa akiwa anaishi kwake.

Siku ya kwanza hatutoi dawa kabla ya kuuliza maswali mengi: mgonjwa anatumia nini, kiasi gani, kwa njia gani, ana maradhi gani mengine, ni mjamzito au la, na anaishi na nani. Ukali wa tatizo hupimwa kwa dalili 11 zinazotumiwa na madaktari wa akili tangu mwaka 2013. Mwenye dalili mbili au tatu huhesabiwa kuwa na tatizo dogo, mwenye nne au tano la wastani, na mwenye sita au zaidi tatizo kubwa. Swali tunalolisisitiza kuliko yote ni saa aliyotumia mara ya mwisho.

Sababu ya kulisisitiza ni kwamba kuacha ghafla kunaweza kuua, na si kwa dawa ambazo watu huziogopa zaidi. Anayekunywa pombe nyingi kila siku akikatisha ghafla anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huanza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwapo, kutetemeka na kupanda joto huku moyo ukienda mbio. Hali hiyo ni dharura ya hospitali. Ndivyo ilivyo pia kwa waliozoea vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi, ambavyo hupunguzwa kidogo kidogo, wakati mwingine kwa miezi. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea, kwa upande wake ni kali sana, yenye maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi, lakini ni mara chache kumuua mtu mzima mwenye afya iwapo anapata maji ya kutosha. Mjamzito ni suala jingine kabisa: hatakiwi kukatishwa heroini ghafla, bali huanzishiwa dawa mbadala chini ya uangalizi.

Kutokana na hayo, aliyewahi kupata degedege au kuweweseka alipoacha pombe tunampeleka hospitali kwanza, na tunaendelea naye akishatulia. Vivyo hivyo kwa mwenye mawazo ya kujiua, na kwa yule ambaye chumba anachokirudia jioni ndicho kinachouziwa dawa za kulevya. Huyo wa mwisho anahitaji pa kuishi kabla ya kuhitaji kliniki yetu, na tungekuwa tunawadanganya ndugu zake tukiwaambia vinginevyo.

Kwa wanaobaki, matibabu ya nje hutofautiana kwa saa. Mpango wa kawaida huwa chini ya saa 9 kwa wiki, na humfaa mwenye kazi na familia inayomuunga mkono. Mpango mzito huwa kati ya saa 9 na 19, na ule wa kushinda kliniki mchana kutwa hufikia saa 20 au zaidi. Mgonjwa huhamishwa kutoka mpango mmoja hadi mwingine kadiri hali yake inavyobadilika.

Kwa waraibu wa heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni, msingi wa matibabu ni dawa, na hapa ndipo tunapopingwa zaidi. Methadoni ilianza kutumika kwa kazi hii New York katika miaka ya 1960, chini ya madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza, pamoja na buprenofini, katika orodha yake ya dawa muhimu. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, mwanzoni mbele ya muuguzi, kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu. Buprenofini huwekwa chini ya ulimi, na mgonjwa hutakiwa asubiri mpaka arosto ianze, kwani akiiwahi inaweza kumletea arosto kali zaidi ya ile aliyoikimbia.

Wazazi hutuambia kwamba tunamtoa mtoto katika ulevi mmoja na kumtia katika mwingine. Mwili wake utaitegemea dawa, hilo hatulikatai. Lakini mtu aliye kwenye dozi sahihi halewi wala haumwi, hana haja ya kuamka akitafuta pesa ya heroini, na uwezekano wake wa kufa hupungua sana kwa muda wote anaoendelea na dawa. Ndiyo maana hatukubali kuikatisha baada ya wiki chache kwa sababu tu ndugu wameona amenenepa. Wengi huhitaji mwaka mmoja au zaidi, na wapo wanaoendelea kwa miaka. Ni lazima hata hivyo methadoni isichanganywe na pombe wala vidonge vya usingizi, kwani kwa pamoja huweza kusimamisha pumzi, na inayopelekwa nyumbani ifungiwe mbali na watoto.

Kwa pombe zipo naltreksoni, akamprosati na disulfiramu, na daktari huchagua kwa kuangalia ini na figo. Naltreksoni haiwezi kupewa anayetumia heroini mpaka akae siku 7 hadi 10 bila kuitumia. Kwa kokeini hakuna dawa iliyothibitika kuwa tiba. Huko tunategemea ushauri nasaha, pamoja na utaratibu wa kumpa mgonjwa zawadi ndogo kila kipimo cha mkojo kinapotoka safi. Wazee wengi huuona kuwa mambo ya kitoto, nasi hatuwalaumu, lakini kwa kokeini ndio wenye ushahidi mzuri kuliko njia nyingine.

Kipimo hicho cha mkojo hakimfukuzishi mtu. Anayerudia kutumia huongezewa saa za kuja au hubadilishiwa dozi, kama afanyiwavyo mwenye shinikizo la damu ambalo limepanda tena.

Familia ya mtumiaji wa heroini inashauriwa kuwa nyumbani na naloksoni, dawa ya dharura inayoondoa nguvu ya heroini kwa aliyezidisha. Ukimkuta mtu haamki, anapumua kwa shida au kwa kukoroma, midomo imebadilika rangi na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mpe naloksoni, msaidie kupumua ikiwa unajua namna, mlaze ubavu akishaanza kupumua mwenyewe, kisha mwahishe hospitali hata akizinduka, kwa sababu naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90 na heroini inaweza kuwa bado mwilini.

Wanaokuja kwetu mara ya kwanza walete dawa zote wanazotumia, zikiwa katika vifungashio vyake, na vyeti vya hospitali kama vipo. Ndugu anaweza kumsindikiza, ila sehemu ya mazungumzo itakuwa ya mgonjwa na mtaalamu peke yao, na yatakayosemwa humo hatutamweleza ndugu bila idhini ya mgonjwa. Mnywaji wa kila siku asiache pombe usiku wa kuamkia miadi ili aonekane amejitahidi. Aje kama alivyo, atueleze ukweli wa kiasi anachokunywa, na namna ya kuacha itapangwa hapo.