Seli kufa tumboni si balaa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata mlipokosea mambo makubwa. Ila ile habari yenu ya "seli za ubongo wa mtoto zinazokufa tumboni", iliyoandikwa kana kwamba ni balaa, imenishinda kunyamaza.

Mke wa jirani yangu, mimba yake imetimia miezi mitano, alinijia ameukunja ukurasa wenu ndani ya kadi ya kliniki. Mkononi ana chupa ya sharubati ya "kulinda ubongo" aliyouziwa mtaani kwa shilingi 45,000, pesa ya kodi ya chumba. Lebo haina kiwanda wala tarehe. Ina picha ya mtoto wa Kizungu aliyevaa miwani. Akaniuliza, "Musawo (daktari), mwanangu anaoza kichwa?"

Mwandishi wenu angemuuliza hata mwanafunzi wa udaktari pale hospitali ya Mulago, Kampala, angeelezwa. Ubongo wa mnyama anayenyonyesha, awe panya au binadamu, huzalisha seli za neva kupita mahitaji, na katika baadhi ya sehemu karibu nusu hufa. Ndivyo unavyojengwa! Kuna seli za neva ambazo zikifika zinakopaswa kuungana hupata protini ya kuziweka hai. Protini ya namna hiyo ndiyo iliyowapa Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Seli inayoikosa, jeni fulani huwashwa ndani yake, vimeng'enya, yaani protini za kukata, vikaamka na kuikatakata, kisha seli jirani zikameza mabaki, bila usaha wala uvimbe. Mwaka 1996 watafiti walichapisha habari za panya walioondolewa jeni moja tu ya kazi hiyo, ya kaspase-3, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo. Ubongo wao ulijaa seli za ziada na wengi wakafa wangali wachanga. Kwa hiyo sharubati ile, kama kweli ingezuia seli kufa, ingekuwa sumu. Nimeionja, ni sukari na maji, ahsante Mungu.

Na kama shida yenu ilikuwa kutisha watu, mbona pombe hamkuigusa? Pombe huwasha kifo hichohicho kwenye seli zilizopaswa kubaki. Kwa panya wachanga hilo lilionyeshwa mwaka 2000. Waragi (pombe kali) wa vifuko ulipigwa marufuku nchini Uganda mwaka 2019, lakini hapa Walukuba chupa ndogo hazikosekani dukani, na bado kuna mashangazi wanaomwambia mjamzito kwamba kidogo huongeza damu. Sikushangaa kuona, mkabala na habari yenu, tangazo la waragi la nusu ukurasa, la rangi.

Pendekezo langu: mwandishi huyo aje kliniki ya wajawazito Jumatatu, aketi kwenye benchi kuanzia saa moja asubuhi, awasomee akina mama habari yake kwa Kiswahili, Kisoga na Kiganda, na asiondoke mpaka swali la mwisho lijibiwe. Aje na zile 45,000, noti zisizochanika. Chai nitampikia.

Mkunga mstaafu,
Walukuba, Jinja