Kwako mdogo wangu: usilikimbie lile gari la mvuke kabla ya baridi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema unataka kujitoa kwenye kikundi kinachofufua gari la zamani la mvuke hapo chuoni kwenu, kwa sababu maonyesho ya kiangazi yamekwisha, kazi iliyobaki ni kukwangua masizi na kuosha boila (tangi la kuchemshia maji), na mitihani yako wewe ni ya dizeli na turbini za gesi, yaani mashine zinazozungusha mapanga kwa gesi ya moto. Nakujibu hadharani kwa kuwa najua wako vijana wengine wa unamaji wanaojiuliza hilohilo.

Nakuomba ubaki. Angalau mpaka boila ifungwe kwa ajili ya baridi.

Magari haya hufia bandani. Barabarani kila mtu huyatazama, moto unawaka, mafuta yanatiwa, kelele ngeni inasikika mara moja. Likishalazwa, ndipo uharibifu unapoanza. Masizi ya makaa ya mawe yana salfa. Yakinyonya unyevu hugeuka tindikali na kula polepole mabomba ya moto, yale yanayopitisha moshi wa moto ndani ya boila. Maji kidogo yaliyosahaulika kwenye injekta, kifaa cha kuingizia maji kwenye boila, huganda na kupasua shaba. Na ndani ya boila kuna kosa moja nimelikuta zaidi ya mara moja katika miaka yangu ya chumba cha injini: kuiacha nusu maji, nusu hewa. Kutu huchimba mstari palepale maji yanapoishia, na mstari huo hauonekani kwa nje.

Kwa hiyo mna njia mbili. Ama mnamwaga maji yote boila ikiwa bado ina uvuguvugu, joto lake lenyewe likaushe ndani, kisha mnafungua milango ya kuoshea matope hewa ipite. Ama mnaijaza hadi juu kabisa, maji yaliyotiwa dawa, pasibaki hewa. Boila za meli zinazowekwa akiba hutunzwa kwa njia hizohizo mbili. Unaona? Hiyo kazi unayoiita ya uchafu ni somo lako, ila limevaa magurudumu.

Tena ni somo ambalo meli ya sasa haiwezi kukupa kwa urahisi. Melini mitambo iko nyuma ya vifuniko, unaongea nayo kupitia skrini. Kwenye gari la mvuke kila kitu kiko mbele ya macho yako, na unaona kosa linavyozaliwa. Kabla hujawasha moto unatazama kioo cha maji, kinachoonyesha kimo cha maji kwenye boila, nacho usikiamini mpaka umekipuliza kwa mvuke kuondoa uchafu, maana tundu likiziba kitakuonyesha maji yasiyokuwapo. Paa la kikasha cha moto, pale makaa yanapowakia, lazima lifunikwe na maji muda wote. Likibaki wazi, chuma hulainika na shinikizo hulisukuma chini. Ndiyo maana wazee waliweka pale kizibo chenye kiini cha madini laini ya risasi au bati: maji yakipungua, kiini huyeyuka na mvuke humwagikia motoni kukuonya. Ukikaa kwenye kiti cha dereva na gari likaanza kuteremka kilima, maji hukimbilia mbele na paa hilo hukaribia kubaki wazi. Ukilijua hilo kwa mwili wako, hutapuuza tena geji yoyote maishani.

Fikiria nguvu iliyofungiwa mle. Kwa shinikizo la paundi 200 kwa inchi ya mraba, maji hayachemki kwa nyuzi 100. Yanafika karibu nyuzi 198 kabla ya kuchemka. Chuma kikipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mpigo, na maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida huchukua nafasi takriban mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Ndiyo sababu boila hupimwa nguvu kwa maji baridi, kamwe si kwa hewa: maji baridi yakivuja yanatiririka tu.

Nimesikia pia mmebishana kuhusu vipuri vya zamani, vibaki au vibadilishwe. Msimamo wangu ni huu. Makovu ya gari yaachwe: bati lililobonyea, ngazi iliyolika kwa viatu, tabaka za rangi ya zamani chini ya mpya. Kila mnachokitoa kipigwe picha, kiandikwe, kisha kihifadhiwe hata kama hakirudi kazini. Lakini kwenye boila sina huruma na ukale. Bamba lake la chuma likipimwa unene na kukutwa limekonda, likatwe. Atakayekwambia litahimili msimu mmoja zaidi, mpishe.

Umeniuliza mvuke una faida gani kwa mwanamaji wa leo. Mwaka 1897, kwenye gwaride la meli za kivita huko Spithead, karibu na Portsmouth, Uingereza, mhandisi Charles Parsons aliichomoza Turbinia, chombo chake kidogo chenye turbini za mvuke, akapita katikati ya meli za malkia kwa mwendo wa zaidi ya noti 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa. Miaka 9 baadaye meli ya kivita ya Uingereza, Dreadnought, ilizinduliwa ikiendeshwa na turbini. Meli ya mwisho ya kivita ya juu ya maji ya Uingereza iliyotumia mvuke, Fearless, ilistaafu mwaka 2002, na watu wakasema basi, mvuke umezikwa. Nyambizi za nyuklia zinafanya nini, basi? Zinachemsha maji. Joto linatoka kwenye kinu cha nyuklia badala ya makaa, lakini mvuke bado unasukuma turbini, na yule anayelinda ubora wa maji bado anapigana na adui yuleyule: kutu, chumvi na hewa iliyoyeyuka majini. (Turbinia yenyewe iko makumbusho ya Newcastle, Uingereza. Ukipata likizo, nenda ukasimame pembeni yake.)

Sasa fanya hivi kwanza. Jumamosi mtakapofungua mlango wa kisanduku cha moshi, kilicho mbele ya boila, chukua tochi na burashi ya waya, anza na mabomba ya safu ya chini, ambako majivu yenye unyevu hulala. Tazama mdomo wa kila bomba linapoingia kwenye sahani ya chuma inayoyashikilia mabomba. Kama kuna alama nyeupe za maji yaliyokaukia pale, linavuja. Hesabu ni mangapi, uniandikie.

Kaka yako