Joka letu halikutoka kwenye chati tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa safu ya kazi za mikono. Alipotutajia kazi za kufanya ndani msimu huu wa baridi, alisema kudarizi kwa mshono wa msalaba, yaani msalaba mdogo wa uzi kwenye kila mraba wa kitambaa, ni kujaza miraba tu, na kwamba anayefuata chati, ule mchoro wa miraba unaoonyesha kila msalaba uende wapi, hana anachobuni. Nimedarizi miaka 19, na kauli hiyo imeniuma.

Jioni hizi giza linapoingia mapema, mimi huketi karibu na taa, kitambaa kikiwa magotini, na binti yangu hunisomea hadithi. Msimu uliopita tulikuwa na hadithi ya joka linalolinda vitabu. Nikalichora mwenyewe kwenye karatasi ya miraba, 70 kwa 70. Ukitumia kitambaa cha Aida chenye miraba 14 kwa inchi, hiyo inakuwa inchi 5 kila upande, kazi ya kuenea kwenye kiganja kilichokunjuliwa na kuzidi kidogo.

Nilikuwa nimemaliza kichwa chote kwa uzi wa kijani, binti akafika mahali magamba yanapotajwa. Akanyamaza, akaangalia kitambaa, akaniangalia mimi. "Mama, si ya kijani. Ni kama majivu yaliyolowa maji."

Nilifumua kichwa kizima. Uzi wa kudarizi umesokotwa kwa nyuzi ndogo 6, nami hutumia 2 kwa mara moja. Safari hii nilichomoa mmoja wa kijivu na mmoja wa buluu iliyofifia, nikazitunga pamoja kwenye tundu moja la sindano. Kila msalaba ukatoka tofauti kidogo na jirani yake, mmoja ukielekea kijivu, mwingine ukielekea buluu, na magamba yakaonekana yamelowa kweli. Chati haikuniambia nifanye hivyo. Niliambiwa na kitabu, kupitia mtoto.

Kitambaa kilikuwa cheusi, maana nilitaka usiku bila kuudarizi usiku wenyewe mraba kwa mraba. Wengi hukimbia kitambaa cheusi kwa sababu matundu hayaonekani, nami nusura nikiache. Tandika kitambaa cheupe magotini chini ya kazi yako. Weupe utapenya kwenye matundu na sindano itaona njia. Nawasihi pia wanaoanza: mguu wa chini wa msalaba uegemee upande mmoja na wa juu upande wa pili, toka mshono wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi niliwahi kuchanganya kwenye bawa. Rangi ilikuwa moja, lakini chini ya taa bawa lilionekana lina mabaka.

Isitoshe, kumtoa kiumbe kitabuni na kumtia kwenye kitambaa si jambo la juzi. Mary, Malkia wa Scotland, aliyekaa kifungoni Uingereza kuanzia 1568 hadi aliponyongwa... la, hadi alipokatwa kichwa mwaka 1587, alipitisha muda mwingi akidarizi. Wanyama wengi aliwanakili kwenye michoro ya Conrad Gessner, mwanazuoni wa Uswisi ambaye juzuu zake za wanyama zilianza kutoka mwaka 1551, na ambamo farasi mwenye pembe moja amewekwa pamoja na wanyama wa kweli. Kazi mojawapo ya Mary ni paka wa rangi ya chungwa. Paka ametoka kwenye mchoro wa Gessner. Panya aliye karibu naye aliongezwa na Mary mwenyewe. Mfungwa, huku dirisha lake likilindwa, akamtia panya! Ningependa mwandishi wako amfikirie panya huyo kabla ya kurudia kwamba anayefuata mchoro hana anachobuni.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Hadi baridi iishe, tupeni kila wiki chati moja ndogo ya kiumbe wa hadithi: joka, ndege wa moto, mti wenye mlango kwenye shina. Onyesheni mistari ya nje na idadi ya miraba, lakini rangi msizitaje. Kila msomaji azitafute kwenye kitabu anachokisoma yeye, au anachosomewa.

Niko tayari kutuma ya kwanza. Ni lile joka letu, miraba 70 kwa 70, na nimelifuta rangi ya magamba.

Mdarizi, msomaji wako wa kila wiki