Kikao cha ulinzi shirikishi sasa ni Jumamosi

Habari za jioni majirani. Kikao chetu na polisi kata kimesogezwa: si Ijumaa tena, ni Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya serikali ya mtaa.

1. Kila kaya ije na Sh 3,000 ya taa ya pale kalvati. Watoto wanapita hapo saa 11 alfajiri wakienda shule, giza totoro, na juzi binti mmoja kaporwa begi. Hili lisisubiri.
2. Vijana wa doria wawahi, majina yaandikishwe.

Mwenye taarifa nyeti amweleze afande pembeni, asiiandike humu. Dharura piga 112, ni bure.

Tafadhali jibu NAKUJA na namba ya nyumba kabla ya Alhamisi usiku. Asanteni sana.