Mwajuma, usipandishe dau kwanza

Tabata, Alhamisi usiku

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi, na watoto wote nawabusu. Sisi wazima, ila mama magoti yanamsumbua na hizi mvua. Mengine nitakusimulia baadaye, maana leo nimetoka kuiona ile nyumba ya mnada wa benki unayotaka nikununulie, na silali kabla sijakuandikia.

Nyumba nzuri, sikufichi. Kisima kinatoa maji, ukuta hauna ufa. Lakini ina watu ndani. Nimemkuta mama mmoja anakaanga vitumbua barazani, mtoto wa shule kakaa pembeni yake anafanya hesabu. Alijua nimefuata nini, na bado akanisogezea kigoda.

Tangazo liko getini. Mtu kajaribu kulikwangua kwa kisu, limebaki nusu ya chini, yenye tarehe na masharti. Hiyo tarehe ndiyo iliyonitia hofu: limetolewa Jumatatu hii, na mnada ni Jumamosi! Sheria inataka tangazo la siku zisizopungua 14. Tena yule mama anasema mumewe alikopa kimyakimya, yeye hajatia saini popote, na nyumba wanayoishi wanandoa haiwekwi rehani bila mwenzi kuridhia. Akiyapeleka hayo mahakamani akapewa zuio, utabaki na nyumba ya kwenye karatasi.

Najua Shaaban kakwambia mnunuzi wa mnada analindwa na sheria. Analindwa, ndiyo. Lakini kesi ya ardhi inakula miaka, na kodi ya nyumba uliyopanga huko Nyegezi itakulipia nani wakati unangoja? Na hiyo bei ya kutupa unayoifurahia, ikiwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki haikutafuta bei nzuri, mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo. Aliyekopa anapata pa kushikia.

Halafu pesa. Nyundo ikigonga unalipa asilimia 25 palepale, iliyobaki ndani ya siku 14. Ukichelewa, hiyo robo imekwenda. Mwajuma, ile ni kiinua mgongo cha marehemu baba! Na mkopo wa SACCOS wa kumalizia iliyobaki unaujua mwenyewe, mara kikao hakijakaa, mara mdhamini kasafiri.

Kila nikikaa namrudia yule mama. Kanifungia vitumbua kwenye gazeti, hela alikataa, nikaishia kumpa mtoto wake.

Kesho nataka kwenda kwa Msajili wa Hati nikafanye upekuzi, nione jina lililoko kwenye hati, kama kuna pingamizi limeandikwa, kisha niulizie deni la kodi ya pango la ardhi. Bila hivyo mimi Jumamosi sinyooshi mkono kwa niaba yako, hata ukasirike.

Sasa niambie: namba ya hati unayo, au dalali kakupa namba ya kiwanja tu? Umeshamtumia pesa yoyote? SACCOS wamekujibu kwa maandishi, au ni maneno ya Rehema? Na tukishinda, nani atawatoa wale watu mle ndani, wewe utaweza? Kile kiwanja cha Kibaha alichokitaja mjomba, kwa nini ulikikataa?

Nijibu kabla ya saa mbili asubuhi, niwahi foleni.

Wako,
Zuhura